Fundi wa Jahazi Bado Ana Kazi, Tusimsubiri Awe wa Makumbusho

Uingereza kuna orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini kupotea. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2017 na shirika la Heritage Crafts, na ndani yake imo kazi ya kutengeneza magurudumu ya mbao, yale ya mikokoteni ya shambani na ya magari ya farasi. Zamani ilikuwa vigumu kukuta kijiji kikubwa nchini humo kisicho na fundi wa kazi hiyo. Leo waliobaki wanajulikana mmoja mmoja, na ndiyo maana wameorodheshwa.

Bagamoyo haijawahi kuwa mji wa mafundi magurudumu. Hata hivyo habari yao inatuhusu sana sisi tunaoishi hapa, kwa sababu tunaye fundi wetu ambaye njia yake inaelekea kulekule: fundi wa majahazi, mashua na ngalawa. Kati ya hao wawili kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Fundi wa magurudumu aliorodheshwa baada ya wateja wake wa kila siku kwisha. Wa kwetu bado anao. Wavuvi wanamjia, wenye vyombo vya mizigo ya Unguja wanamjia, na mashua inayovuja inaletwa kwake leo ili kesho kutwa irudi majini. Nafasi ya kumlinda fundi angali anakula kwa kazi yake Waingereza waliiacha ikapita. Sisi tunayo, na tunaichezea.

Tuanze na gurudumu lenyewe, maana asiyejua lilivyotengenezwa hawezi kuona kilichopotea. Gurudumu la Kiingereza halikuwa la mti mmoja. Kitovu kilichongwa kwa mti wa elmu, ambao nyuzi zake zimefumana kiasi kwamba hata ukitobolewa matundu kumi na mawili ya spoki haupasuki. Spoki zilikuwa za mwaloni, tena mwaloni uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake badala ya kukatwa kwa msumeno, ili nguvu ya mti isikatizwe njiani. Vipande vya duara la nje vilikuwa vya mti wa ashi, unaonepa bila kuvunjika na kupokea mishtuko ya barabara mbovu. Magogo ya vitovu yaliachwa yakauke kwa miaka kabla ya kuguswa, mara nyingine karibu kumi. Fundi alikuwa akiweka akiba ya miti ambayo huenda ingetumiwa na mwanawe.

Mwisho ulikuja ukanda wa chuma. Ulipimwa uwe mdogo kidogo kuliko gurudumu, ukachomwa motoni hadi ukapanuka, ukavishwa ungali wa moto huku mbao zikifuka moshi, kisha ukamwagiwa maji. Chuma kikinywea kinazisukuma spoki zote ndani ya matundu yake, na kila kiungo kinakazika bila gundi. Wala gurudumu hilo halikuwa bapa. Spoki ziliinamishwa kidogo hata likawa na kina kama sahani, kwa sababu farasi anapotembea huutupa mzigo kushoto na kulia, na gurudumu bapa lingefyatuka upesi. Hesabu hiyo yote ilikaa kichwani na mkononi mwa mtu ambaye mara nyingi hakuwa na shule ya kutajika.

Kilichoiua kazi ile hakikuwa uvivu wa vijana, ingawa kila mahali duniani vijana ndio hulaumiwa kwanza. Lilikuja lori, likaja trekta, likaja tairi la mpira la kujazwa upepo. Wateja walipoondoka, na miti nayo ikafuata: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa uliangamiza mamilioni ya miti ya elmu Uingereza, na mwaka 2012 ukagunduliwa huko ugonjwa mwingine unaoua miti ya ashi. Mafundi waliobaki wanaishi kwa magari ya sherehe, kwa kazi za makumbusho, na kwa magurudumu ya mizinga ya zamani. Kikosi cha kifalme cha King's Troop hadi leo hupiga saluti kwa mizinga ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikikokotwa na farasi. Ni kazi ya heshima. Lakini ni kazi ya wachache kwa ajili ya wachache, na hakuna mkulima wala mchuuzi anayemngoja fundi huyo amalize ili naye akatafute riziki.

Kwa nini sisi hatukuwa na gurudumu? Wapo wanaoliuliza swali hili kwa dharau, kana kwamba watu wa huku walishindwa kuliwaza. Jibu ni mdudu. Mbung'o aliua ng'ombe, punda na farasi katika ukanda mpana kati ya pwani na bara, na gurudumu lisilo na mnyama wa kulivuta halifiki mbali. Ndiyo maana Bagamoyo ya karne ya 19, mji uliokuwa mlango wa misafara ya Unyamwezi na Ujiji, iliendeshwa kwa mabega ya watu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, na alitembea na mzigo huo kwa miezi. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifika hapa kwa njia hiyohiyo, umebebwa na watu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Gurudumu lilijaribiwa. Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay alisimamia kufyekwa kwa barabara kutoka Saadani, kaskazini mwa mji wetu, hadi Mpwapwa, umbali wa kiasi cha kilomita 370, ili magari ya ng'ombe yapite. Wamisionari wa shirika la London Missionary Society nao walijaribu magari ya ng'ombe katika njia hiyo. Ng'ombe walikufa. Barabara ikarudiwa na majani, na wapagazi wakaendelea kuajiriwa.

Kwa hiyo akili ambayo mataifa mengine yaliiweka kwenye gurudumu, pwani hii iliiweka kwenye chombo cha baharini. Mzigo uliofika ufukoni mabegani uliondoka ufukoni kwa jahazi. Ukitafuta kazi ya mbao ya hapa inayolingana na gurudumu lile kwa ugumu na kwa umuhimu, usiitafute barabarani. Mkokoteni wa Bagamoyo wa leo una ekseli na matairi ya gari bovu, na guta ni baiskeli iliyoongezwa gurudumu la tatu; ni vitu vya maana kwa anayevitumia, ila havina ufundi wa kurithishana. Itafute kati ya Forodha ya zamani na soko la samaki, mahali ambapo karibu kila wakati pana chombo kilichoegemezwa miti ya kukishikilia kisilale.

Pale utaona mkuku, ile boriti ndefu ya chini ya chombo, umelazwa, fashini, nguzo ya ncha yake, imesimamishwa, na mbao zimeanza kupanda ubavuni. Karatasi ya mchoro huioni. Vipimo ni kamba, shibiri na jicho, na jicho hilo linakosoa ubao uliopinda kwa upana wa kucha. Tezo inachonga, randa inasawazisha, na ingawa siku hizi drili ya umeme imeingia, keekee ya kutobolea kwa mkono haijatupwa, maana umeme haufiki kila ufuko. Mbao zikishaungana huingia kazi ya kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa kwenye kila mwanya, kwa nyundo na patasi butu, taratibu, mwanya baada ya mwanya. Chini ya maji chombo hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Baada ya hapo, kwa maisha yake yote, kitapandishwa mchangani mara kwa mara na kubabuliwa kwa moto wa makuti ili wadudu wanaotoboa mbao wafe.

Nataka tukae kidogo kwenye taruma, kwa sababu hapo ndipo fundi wetu na yule wa Uingereza wanapokutana bila kujuana. Taruma ni ile mbavu ya ndani inayozishika mbao za ubavu. Inapaswa kupinda. Ukiikata taruma iliyopinda kutoka kwenye ubao ulionyooka, msumeno utazikata nyuzi za mti, na siku ya kusi kali itavunjika palepale zilipokatwa. Fundi anayejua kazi hafanyi hivyo. Anatafuta tawi au shina lililojipinda lenyewe lilipokuwa likikua, lenye mkunjo uleule anaoutaka, ili nyuzi zipite mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Anaweza kumaliza siku nzima akizunguka kwenye mifenesi, miembe na mikoko kutafuta kipande kimoja. Ni kanuni ileile ya mwaloni uliopasuliwa badala ya kukatwa. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mti ndio uliowafundisha wote.

Na kipande hicho ndicho kinachomtia fundi matatani.

Duka la mbao haliuzi taruma. Linauza mbao zilizonyooka, za vipimo vinavyojulikana, kwa ajili ya kenchi, milango na samani. Biashara halali ya mazao ya misitu nchini imepangwa kwa mbao za namna hiyo na kwa wafanyabiashara wenye magari. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 anayevuna anahitaji leseni, anayesafirisha anahitaji hati ya kusafirishia, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, una vizuizi vyake barabarani. Sina ugomvi na sheria hiyo. Mikoko inapaswa kulindwa, na msitu wa pwani ulioliwa na mkaa wa Dar es Salaam unahitaji mlinzi mkali kuliko aliyepo. Tatizo ni kwamba mtu anayetaka matawi kumi na mawili yaliyopinda kutoka sehemu nne tofauti anapitishwa kwenye mlango uliojengwa kwa ajili ya mwenye lori la tani kumi. Gharama ya kufuatilia vibali inaweza kuzidi bei ya matawi. Matokeo yake fundi ama ananunua kwa mlango wa nyuma, akawa mkosaji katika kazi aliyorithi kwa babu yake, ama anatumia mbao ya dukani iliyokatwa kwa msumeno, na chombo kikatoka dhaifu. Kisha watu husema vyombo vya siku hizi si kama vya zamani.

Hili linaweza kupata ufumbuzi bila kufungua msitu hata mmoja wa asili. Serikali ina mashamba ya mitiki, moja likiwa Longuza wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, na jingine Mtibwa mkoani Morogoro. Mtiki ni miongoni mwa miti bora duniani kwa vyombo vya baharini. Majahazi ya Bahari ya Hindi yamejengwa kwa mtiki kwa karne nyingi. Mitiki ya mashamba hayo huuzwa kwa mnada, na mingi huishia nje ya nchi. Kwa nini kila msimu wa uvunaji kusitengwe fungu dogo kwa ajili ya wajenzi wa vyombo waliosajiliwa wa Bagamoyo, Tanga, Kilwa na kwingineko? Kwa nini wasiruhusiwe kuingia shambani baada ya uvunaji wakachagua mashina na matawi yaliyopinda, ambayo mnunuzi wa mnada hayataki? Kinachoonekana ni taka kwa mwenye kiwanda cha mbao ndicho taruma kwa fundi. Fungu hilo lingekuwa dogo mno hata lisionekane kwenye hesabu za mnada, lakini lingemtoa fundi kwenye woga.

Najua jibu la wengine: kwa nini tuhangaike na mbao wakati boti za faiba zipo? Swali hili lina haki ya kujibiwa vizuri. Boti ya faiba ni nyepesi, haitafunwi na wadudu, na ikifungwa mashine huenda mbali. Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti hizo, na mvuvi aliyeipata hana sababu ya kuona haya. Ila mkopo wa chombo ukiwa wa faiba peke yake, Serikali inakuwa imeshachagua nani afe na nani aishi katika soko, kwa fedha ya umma, bila kusema kwamba imechagua. Mashua ya mbao ikipasuka Mlingotini inatengenezwa Mlingotini, na mtu mwenye tezo na kilo moja ya pamba. Fedha ya kuijenga inabaki ufukoni: kwa fundi, kwa wanagenzi wake, kwa muuza misumari, kwa mama anayewapikia. Mvuvi apewe haki ya kuchagua. Anayetaka faiba akope faiba, na anayetaka mashua ya mbao iliyojengwa na fundi wa hapa na kukaguliwa, naye akopeshwe.

Kukaguliwa ni neno ambalo mafundi wengi hawalipendi, lakini hapo sipo upande wao. Ajali za vyombo vidogo zimeua watu wengi katika maji yetu, na TASAC, shirika la Serikali la mambo ya meli na vyombo vya majini, ina wajibu wa kukagua na kusajili. Ninachokitaka ni ukaguzi huo uende hatua moja nyuma, umfikie mjenzi. Leo ukaguzi unaoonekana zaidi ni wa chombo kilichokwisha kuwa majini. Tungekuwa na daftari la wajenzi, kila chombo kikabeba jina la aliyekijenga na mwaka kilipotoka mikononi mwake, fundi mzuri angelindwa dhidi ya mlipuaji kazi, na mwenye mali angejua anamlipa nani kwa nini. Jina la fundi kwenye cheti lina thamani kubwa kuliko kipaza sauti anachopewa siku ya tamasha.

Hapa niseme la tamasha. Bagamoyo ni mji wa utamaduni. Tuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, tuna magofu ya Kaole, tuna Mji Mkongwe, na tangu mwaka 2006 tumo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kupitia njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, ule wa mila na ufundi, mwaka 2011. Uingereza iliuridhia mwaka 2024, miaka kumi na mitatu baada yetu. Lakini ni wao waliokwisha hesabu mafundi wao kazi kwa kazi, na waliofanya hivyo ni shirika la hiari, bila kungoja mkataba. Sisi tulitangulia kutia saini, na sijaona daftari la wajenzi wa vyombo la ufuko huu mmoja, achilia mbali la pwani nzima.

Tatizo la kuitazama kazi hii kama utamaduni tu ni kwamba utamaduni hupewa jukwaa, haupewi mbao. Mtalii anapita, anapiga picha, anauliza bei ya jahazi dogo la kuweka mezani. Biashara hiyo haina ubaya, na yupo kijana anayelisha familia kwa majahazi ya mezani. Lakini mkono unaochonga jahazi la mezani haujifunzi kalafati, haujifunzi kusoma mkunjo wa mfenesi, wala haubebi dhima ya watu saba waliomo chomboni usiku wa upepo. Fundi akibaki na mteja huyo tu, atakuwa amefika pale alipofika fundi wa magurudumu wa Uingereza, bila hata mizinga ya saluti ya kumlipa.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kikatweka tanga la mkeka, ulijengwa hasa katika visiwa vya Lamu na ukatoweka katika karne ya 20. Baadaye ulijengwa wa mfano, ukawekwa ndani ya jengo la makumbusho la Beit al-Ajaib, Unguja, na wanafunzi wakaletwa kuutazama. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Nauheshimu ule mtepe wa makumbusho na waliousuka, lakini hakuna mvuvi aliyeukosa asubuhi iliyofuata.

Kinyume chake angalia milango ya nakshi. Kazi ile haina mkataba wa pekee unaoilinda. Imebaki hai kwa sababu wenye hoteli na wenye nyumba mpya, kuanzia hapa hadi Dar es Salaam, wanaagiza milango na vitanda, na kijana anayeanza kuchonga leo anajua kesho kutwa atalipwa. Oda ndiyo inayomweka fundi kibandani.

Oda peke yake, hata hivyo, haimpati mwanagenzi. Waswahili wanasema achanikaye kwenye mpini hafi njaa, na ni kweli kwa aliyekwisha kuushika mpini miaka kumi. Kijana wa miaka kumi na saba anayeanza hana chochote kwa muda mrefu. Anashika upande wa pili wa ubao, anapuliza moto wa makuti, anatumwa sigara. Malipo yake ni chakula na kinachobaki chombo kikishashuliwa, na chombo kikubwa huchukua miezi. Rafiki yake aliyeazima bodaboda anarudi nyumbani na hela jioni ileile. Simlaumu anayechagua bodaboda. Ana mama anayemtazama.

Kwa wenzetu, chama cha mafundi wa magurudumu cha London, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1670, bado kipo, na moja ya kazi zake ni kuwasaidia vijana wanaojifunza. Wamegundua jambo rahisi: fundi mzee hawezi kumlipa mwanafunzi asiyejua kitu, na mwanafunzi hawezi kuishi bila kulipwa, kwa hiyo lazima mtu wa tatu aweke fedha katikati kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Kwetu mtu huyo wa tatu anaweza kuwa halmashauri. Tayari sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Lakini fedha hizo ni za kikundi cha vijana peke yao, na fundi wa miaka sitini si kijana. Anayeujua ufundi ameachwa nje ya mlango, na walioingia ndani hawana wa kuwafundisha. Utaratibu ukiruhusu kikundi cha wanagenzi kiandikishwe pamoja na fundi wao kama mlezi anayelipwa, pengo hilo linazibika bila kuongeza shilingi.

Upande wa cheti nao hautuwii vigumu kama tunavyodhani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mafundi wengi wa ujenzi na magari wamepata vyeti kwa njia hiyo. Kusini kidogo mwa mji, Mbegani, kuna chuo cha uvuvi kilicho chini ya FETA, wakala wa Serikali wa elimu ya uvuvi. Fundi wa ufukoni aitwe Mbegani kama mwalimu wa vitendo, alipwe kwa saa kama walimu wengine wa muda, na wanafunzi nao waletwe ufukoni kipindi cha kalafati. Najua patakuwa na mvutano wa vyeti: nani atamruhusu mtu wa darasa la saba asimame mbele ya wanachuo? Basi asisimame mbele yao. Wao ndio wainame pale anapofanyia kazi.

Wala ufundi huu haujafungwa kwenye mbao milele. Mwaka 2018, huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, jahazi la mita tisa lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, ubavuni likiwa limefunikwa kandambili chakavu, na mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Mbao za plastiki zilikatwa, zikaungwa na kupigwa kalafati kwa mikono iliyojifunza kwenye mbao za mti. Asingekuwepo fundi aliyelelewa kwenye mvule na mwembe, plastiki ile ingebaki takataka. Anayesema tuache ufundi wa zamani ili tuukaribishe upya aitazame Flipflopi kwanza, aone upya ule ulitoka mikononi mwa nani.

Ninaloliomba la kwanza kabisa ni hesabu. Halmashauri ya Bagamoyo ina maofisa uvuvi na watendaji wa vijiji na mitaa. Wapewe fomu ya ukurasa mmoja, kuanzia mjini hadi Mlingotini na Kaole, kisha juu hadi Saadani kwa kushirikiana na wenzao wa Chalinze: nani anajenga vyombo, ana umri gani, ana wanagenzi wangapi, anajenga aina gani, mbao anazipata wapi, na ni nani wa mwisho kumwagiza chombo kipya. Fomu hiyo ikifika TFS itakuwa hoja ya fungu la mtiki, ikifika TASAC itakuwa mwanzo wa daftari la wajenzi, ikifika Mbegani itakuwa orodha ya walimu. Ni kazi inayoweza kukamilika kabla ya bajeti ijayo, na safu ninayotaka isomwe kwa makini kuliko zote ni ile ya umri.